Ukanda Kati ya Mashine Mbili

Saindu hajawahi kuwa mtu wa salamu ndefu, lakini safari hii hata ile fupi aliiruka. "Mama ametutoka," alisema kwenye simu, na kabla sijamaliza inna lillahi yangu akaongeza, "Uje na ile mashine yako ya mikanda mikubwa. Anrafa anataka kuisikia sauti yake. Hatuna nyingine, unajua." Nilijua. Nilijua pia ni ukanda gani anaouzungumzia na kwa nini hakuna mwingine: tangu siku ile ya harusi, Bi Zaliha, mama yao, hakumruhusu mtu yeyote, hata wajukuu na simu zao, kumwekea kitu cha kunasa sauti karibu na mdomo. Nilikaa kitandani hapa Unguja, mzee mzima mwenye mvi hadi kifuani, nikaanza kutafuta udhuru. Mgongo unauma, tiketi ni ghali, mashine ni nzito. Lakini mtu aliyekulisha kwa miezi huikosi hitima yake kwa sababu ya mgongo, na wala sikuwa nikiiogopa safari. Nilikuwa nikimwogopa Anrafa. Ndani ya ukanda ule kuna jambo ambalo yeye, dada yake Saindu na bibi harusi wa siku hiyo, hajawahi kulisikia, na mwenye masikio akiusikiliza kwa utulivu atalisikia. Saindu alilijua siku ileile na hajanitamkia mpaka leo.

Mwaka ule, mwaka kisiwa cha Nzuani kilipojitenga na Moroni, mimi na Saindu tulikuwa vijana wa ishirini na kitu, tumepanga chumba kimoja Moroni, ghorofani, nyuma kidogo ya bandari ya zamani. Yeye wa Mutsamudu, kule Nzuani, mimi wa hapohapo Moroni, kisiwani Ngazija. Yeye alitengeneza redio za watu, mimi nilipiga gabusi kwenye harusi mpaka nikachoka kupiga nyimbo zilezile. Ofisi moja ilipofungwa ikatupa mashine mbili za mikanda mikubwa, Saindu akaziokota na kuzifufua, na kutoka hapo hatukulala sawasawa tena. Jinsi ilivyokuwa ni hivi: mashine ya kwanza inanasa, ya pili inasema. Ukanda ulianzia kwenye ya kwanza, ukavuka meza, ukapita juu ya kitanda changu, ukaingia kwenye ya pili upande wa dirisha. Ukigonga sinia la shaba huku, sauti inasafiri na ukanda, na baada ya kitambo cha kuvuta pumzi mbili inatokea kule. Kisha Saindu akaunga waya kutoka ya pili kurudi ya kwanza. Iliyotoka ikanaswa tena pamoja na mpya, ikatoka, ikanaswa, kila duara ikififia kidogo, hata mtu mmoja na sinia lake akasikika kama mtaa mzima uko kwenye ngoma. Yote yaliamuliwa na kifungo kimoja cha kuzungusha. Ukikishusha, sauti inarudi mara mbili tatu inakufa. Ukikipandisha, kila inaporudi imekua. Tulikuwa tunaita kazi hiyo marejeo. Saindu alisimamia ukanda, akiukaza kwa kalamu ya risasi ukilegea, na kifungo kilikuwa changu kwa sababu yeye mwenyewe alisema mimi ndiye mwenye sikio. Sheria yake ilikuwa moja: "Kilichokwisha kuingia hukitoi. Unakisubiri kife." Akisema hivyo alikuwa na uso wa kadhi, na mimi nilimcheka.

Chini yetu aliishi mwenye nyumba, Ma Hadija, mjane aliyetupenda kwa sababu tulimtengenezea redio bure na akatuchukia kwa sababu ya kelele, na mambo hayo mawili aliyafanya kwa siku moja bila tabu. Mchana alituletea shelisheli la kuchoma na samaki wa kukaanga. Barazani kwake walikaa wanaume waliokuwa hawajaona mshahara kwa muda mrefu, na mazungumzo yao yalitupandia dirishani na moshi wa kuni: Wanzuani wamepandisha bendera ya Mfaransa, Wanzuani wanataka kurudi kutawaliwa, hawa ni watu gani wasio na haya. Siku moja Ma Hadija alitoa maneno yake mwenyewe, makali kuliko ya wanaume, na katikati akakumbuka ni nani aliyekuwa akila mbele yake. "Si wewe, mwanangu Saindu. Wewe ni wetu." Saindu alitoa mwiba mdomoni akasema samaki wa leo ni mzuri. Tuliporudi kwenye mashine tukakuta maikrofoni ilikuwa wazi muda wote, na sauti ya mama wa watu inarudi kutoka mashine ya pili, imechujwa na zulia na umbali: wewe ni wetu, wewe ni wetu. Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Nalieleza hili kwa sababu baadaye watu walinitetea wakisema hakujua huyu, mashine ni kitu cha ajabu. Nilijua vizuri sana kwamba maikrofoni haichagui la kusikia.

Bi Zaliha, mama yake Saindu, alikuwa anamwoza binti yake Anrafa, na alitaka harusini muziki wa mwanawe, ule ambao hakuna mtu mwingine Mutsamudu aliyekuwa nao. Tukazifunga mashine ndani ya godoro tukavuka nazo. Nilidhani ni juma moja. Kumbe hali ilikuwa inachacha. Vyombo vikaacha kuvuka, watu wa Ngazija waliokuwa Mutsamudu wakaanza kuondoka mmoja mmoja kwa njia walizozijua wao, na harusi ikasogezwa mbele mpaka mambo yatulie. Kwenye midomo ya vichochoro vijana walikaa na marungu, wakikusalimu ili wakusikie unavyojibu. Kingazija na Kinzuani ni ndugu wa tumbo moja, lakini hawafichani. Maneno mawili yanatosha kumjua mtu katoka wapi. (Hapa naandika maneno ya wote kwa Kiswahili, alichonifundisha bibi yangu.) Bi Zaliha aliniweka chini jikoni, akafuta mikono kwenye leso, akasema, "Kuanzia leo wewe ni mtu wa Majunga." Wale ndugu zetu waliorudishwa kutoka Majunga, ng'ambo kwenye kisiwa kikubwa cha Wabuki, baada ya mauaji ya kule walikuwa na lafudhi yao na kila mtu aliwastahi, walishaona ya kutosha. "Na ukiona umekwama," akaongeza, "kohoa. Mtu anayekohoa haulizwi."

Nikakohoa miezi. Nyumba yao ilikuwa ya mawe, chini ya ngome, kuta nene hata mvua haisikiki, na chumba changu kilikuwa juu, chenye vidaka ukutani na dirisha lililotazama kiwanja kidogo mbele ya mlango. Nyumba yenyewe ilikuwa ya Anrafa. Kwetu visiwani binti hujengewa tangu mdogo na mume ndiye anayehamia. Asubuhi chai na mkate wa mchele, mchana wali na mataba, kisamvu chao cha nazi kilichopikwa tangu jana yake mpaka kikawa cheusi. Bi Zaliha hakuwa akipakua, alikuwa akizika sahani. Ukiacha chakula alinuna. Anrafa alikuwa mcheshi wa kuchokoza, na pale jikoni, tukiwa sisi tu, hakuniacha. "Mtu wa Majunga, hebu sema Kibuki." Nilijua neno moja tu, nikasema vary, yaani wali. "Na mboga je?" Nikakohoa. Alicheka akaangusha kibao cha mbuzi, na mama yake akamwambia bibi harusi hacheki hivyo, naye akasema basi nitafutieni mwingine. Nilimpenda kama dada. Naandika hivyo na naona aibu, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Kisha wanajeshi wa Moroni wakashuka. Sitasimulia vita, sikuviona. Nilivisikia nikiwa nimelala sakafuni chini ya kidaka na Bi Zaliha akisoma karibu yangu, mkono wake juu ya kichwa changu, na waliokuwa wakipiga risasi ni watu wa kwetu. Walishindwa, wakaondoka. Mji ukabaki na waliozikwa na waliojeruhiwa, na mmoja wa waliojeruhiwa alikuwa ndugu wa bwana harusi, risasi ya paja, yuko hospitali. Nilisema mimi niondoke sasa. Bi Zaliha akauliza niondoke nipite wapi. Mjomba wa bwana harusi, ambaye ndiye aliyekuwa msemaji wa ukoo, akaja kunywa kahawa akasema harusi isogee tena ya nini, ikiahirishwa mara mbili itaoza, na kijana mwenyewe aliyelala hospitali ametaka iendelee. Chini ya sakafu yangu nilisikia Bi Zaliha akimjibu kwa sauti ya furaha. Hakumwambia kuna nani juu. Hakuwa mwongo, mama yule. Alikuwa na mgeni na alikuwa na binti, na siku hiyo akawatia wote wawili kwenye kapu moja.

Siku ya siku, baada ya alasiri, bwana harusi aliletwa na watu wake kwa kaswida. Spika tuliifunga dirishani, ile ya kama pembe iliyo kwenye misikiti, ikielekea kiwanjani. Mimi sikutakiwa kuonekana wala kusema, na kazi hiyo ilinifaa: nilikaa juu na Saindu, nikagonga sinia kwa vidole, nikaacha vigelegele vya wanawake wa chini viingie, na kitambaa cha sauti kikaanza kujifuma. Haijawahi kutokea vizuri vile. Kila nilichokitia kilikaa mahali pake. Tangu chai ya alfajiri sikuwa nimekula, na Bi Zaliha, ambaye siku hiyo alikuwa na wageni mji mzima wa kuwalisha, alikumbuka. Akaingia amejitanda shiromani yake mpya, sahani mkononi, akaiweka karibu na sinia, akainama. Alinong'ona, maskini, kwa sababu aliona tuko kazini. "Kula, mwanangu. Mama yako kule Moroni asije akasema nilikunyima." Akanipapasa bega, akashuka haraka kumpokea mkwewe.

Maikrofoni ilining'inia pale juu ya sinia. Mnong'ono ukasafiri na ukanda, ukavuka, ukatokea kwenye pembe ya dirishani. Mara ya kwanza ulikuwa chini ya vigelegele na hakuna aliyeutambua, ila pengine sisi. Hapo kazi yangu ilikuwa nyepesi kuliko zote nilizowahi kufanya: kushusha kifungo, basi. Ungekufa baada ya kurudi mara moja au mbili na nisingekuwa na la kuandika. Lakini mimi sikusikia maneno. Nilisikia sauti ya mwanamke wa makamo, yenye pumzi, imeangukia kati ya mapigo mawili ya sinia kana kwamba imepimwa na fundi, na mkono wangu ukapandisha. Wallahi nilifurahi. Ikarudi mara ya pili, imekuwa kubwa, na safari hii maneno niliyasikia, yote, na lile la Moroni nililisikia kuliko yote. Mkono wangu ulibaki juu. Si muda mrefu, ni ule wa kutaka kuisikia mara moja zaidi. Ikarudi mara ya tatu, ikajaza kiwanja. Nilipogeuka Saindu alikuwa hautazami ukanda, alikuwa anautazama mkono wangu. Kisha yeye, mwenye sheria, akautia kiganja ukanda akaukata.

Kaswida ilikuwa imenyamaza. Nilichungulia pembeni mwa dirisha nikaona bwana harusi amesimama kizingitini, mguu mmoja ameshavua kiatu. Mjomba wake hakupaza sauti. "Bi Zaliha, ndani ya nyumba hii kuna mtu wa Moroni?" Angeweza kusema hapana. Angeweza kusema ni redio, ni kaseti, ni mchezo wa vijana, nusu ya watu wangekubali ili wale pilau yao. "Yumo," alisema Bi Zaliha. "Ni mgeni wangu." Mjomba akasema, "Na mwenetu amelala hospitali kwa risasi ya kwao." "Risasi hakupiga huyu." "Sijasema amepiga. Nasema tumekunywa kahawa hapa, ukanitazama usoni." Bwana harusi alivaa kiatu chake, polepole, kwa heshima hata, na wakarudi walikotoka. Nyuma yangu, kupitia mlango wa chumba cha pili, nilisikia wanawake wakimvua Anrafa dhahabu. Dhahabu ina mlio wake, na mwenye sikio haukosi.

Nilitolewa kabla hakujapambazuka, kwa boti la mtu aliyekuwa akipeleka vitunguu, na mashine zikabaki, zikaja kuharibika. Bi Zaliha alinifungia chakula. Mbele ya Saindu na Anrafa alisema maneno ambayo nimeishi nayo kama mwiba wa samaki kooni: "Mashine haina akili. Usijilaumu, mwanangu." Nilikuwa na nafasi ya kusema. Nilichukua kifurushi. Huko Moroni, Ma Hadija alinipokea kwa machozi na kuniuliza kama Wanzuani walinitesa, nikamwambia walinilisha, akadhani naficha. Baadaye nilihamia hapa Unguja, nikaishi kwa kazi ileile, siku hizi kwa kisanduku kidogo cha kurudisha sauti unachokikanyaga kwa mguu, na watu huja kunipongeza kwamba nina subira na sauti, najua wakati wa kuiacha ikue. Kila wakinipongeza natafuta mlango. Anrafa aliolewa baadaye na mtu wa Domoni ambaye hakukaa. Alisomesha watoto, akamtunza mama yake, na kicheko chake, nasikia, alikipunguza.

Basi nimekwenda. Hitima ilisomwa, watu wakaondoka, tukabaki watatu kwenye chumba kilekile cha juu, vidaka vyake vimepakwa rangi ya bluu. Anrafa amekuwa mtu mzima, miwani, mwili umejaa, na aliniletea sahani ya mataba akaiweka mkekani. Saindu alitoa ukanda kwenye bati la biskuti. Niliupitisha kwenye mashine. Sinia, vigelegele, kaswida kwa mbali. Kisha yeye. Kula, mwanangu. Mama yako kule Moroni asije akasema nilikunyima. Anrafa akaziba mdomo kwa leso. Ikarudi. Ikarudi tena. Ikakatika.

"Rudisha," alisema. Nikarudisha. Mara hii hakulia, alisikiliza kwa kichwa kilichoinama upande, kama mwalimu anayemsikiliza mtoto akisoma. Ilipokatika akamgeukia kaka yake. "Saindu, wewe si ulikuwa unasema sauti kwenye marejeo inafifia? Vigelegele vinafifia, nasikia. Ya mama mbona inapanda?"

Saindu akaanza kuukagua waya ambao haukuwa na kasoro yoyote. Nilimwona anatafuta uongo wa kunipa, baada ya miaka yote hii bado, na sikuweza kumwacha autafute.

"Nilipandisha mimi," nilisema.

"Kwa bahati mbaya."

"La. Mara ya kwanza sikusikia maneno. Mara ya pili niliyasikia, na mkono ukabaki."

"Uliyasikia."

"Niliyasikia, dada."

Alivua miwani akaifuta kwa pindo la leso, akaivaa tena. Chini, kiwanjani, watoto walikuwa wakicheza na kopo. "Kwa nini, Hamadi?"

Nilikuwa na majibu mengi niliyoyatunga Unguja, yote marefu. "Ilikuwa nzuri," nilisema.

Alinyoosha mkono mwenyewe, akaniuliza kwa kidole ni kifungo kipi, nikamwonyesha, akaurudisha ukanda, akauacha ucheze. Alifumba macho. Mama yake akanong'ona, akasema kwa sauti, akajaza chumba. "Ni nzuri," alisema Anrafa, macho bado amefumba. "Kweli ni nzuri." Kisha akarudisha tena, na kabla haijaanza akaisukuma ile sahani mpaka ikagusa goti langu.

"Unaambiwa kula," alisema. "Kula."

Saindu alinimiminia maji, nikanawa mikono, nikala.